Zamu ya Mama Kupaka Manjano

Kama si kuogopa kuonekana hana adabu, Sheikha asingeipokea ile simu. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, viatu bado viko mguuni, mgongo unamuuma kwa kutwa nzima ya kuwainua na kuwalaza wazee wa watu, na alijua fika nani anapiga. Tangu posa ya binti yake Miska ijibiwe, Nurjehan, mama wa bwana harusi, alikuwa hapitishi siku. Kila akipiga huja na jambo jipya ambalo kwa Wabangali ni lazima, na ambalo Sheikha, mtu wa Unguja, hajapata hata kulisikia.

"Apa, ukumbi umeshapata?" aliuliza Nurjehan. Apa kwao ni dada. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake: Nurjehan cha Whitechapel, Sheikha cha Hounslow.

"Ukumbi gani tena? Si mmeshakodi nyinyi?"

"Ule wa harusi. Huu ni wa manjano. Bibi harusi hupakwa manjano kwao, kwa hiyo wenyeji ni nyinyi. Sisi tunakuja na masinia tu."

Sheikha alikaa kwenye ngazi. "Mtakuja watu wangapi?"

"Kiasi."

Kiasi cha Nurjehan Sheikha alikuwa ameshakijua. Siku ya posa walikuja watu kiasi, wakajaza mabasi madogo matatu, na majirani wakatoka nje kutazama kama kuna nyumba inaungua. Siku ile ile halua aliyoifuata mwenyewe Edgware Road, halua ya haki, yenye zafarani na lozi, iliwekwa chini ya meza karibu na viatu, kwa sababu juu ya meza pamejaa tamutamu za maziwa. Bibi mmoja wa upande wa pili akamwuliza kwa upole, "Nyinyi ni Wasomali?" Akajibu si Wasomali. "Lakini harusi mnazo?" bibi akauliza tena, naye Sheikha akacheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa yakenda. Chakula cha harusi, chao. Nguo, zao. Ngoma, zao. Baada ya harusi Miska atahamia kwao, akaishi na wakwe. Sheikha, mjane mwenye mtoto mmoja, alikuwa anajiona kama mgeni mwalikwa kwenye harusi ya mwanawe, tena mgeni wa meza ya nyuma.

"Mum, relax," alisema Miska aliporudi kutoka uwanja wa ndege, bado amevaa sare ya shirika lake na kile kitambaa chekundu cha shingoni. "It's just a holud, manjano tu. Kila mtu anafanya."

"Kila mtu nani? Miye sikufanya. Mamkubwa wako hakufanya."

"Everyone Bengali."

"Na wewe ushakuwa Mbangali?"

Miska alifungua friji, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaifunga bila kuchukua kitu.

*

Bi Raya, dada yake Sheikha, ndiye aliyekuwa somo wa Miska, yaani mtu wa kumfunda, kumsinga na kumweka ndani mpaka siku ya harusi. Alikuja Hounslow kwa treni kutoka kwake Edgware Road, alikomwacha mumewe Shaame akinywa kahawa na Waomani, na mkobani alikuwa na singo aliyoitwanga kwa mkono wake: liwa, dalia, karafuu na mawaridi makavu. Habari ya manjano alipoisikia hakukaa hata kitako.

"Mwari haonekani na jua," alisema. "Sembuse na wanaume wa Kibangali wenye kamera! Akae jukwaani uso wazi, kila apitaye amshike shavu? Sheikha, umerogwa?"

"Sijakubali bado."

"Hujakataa pia. Ndiyo tabia yako."

Sheikha alidhamiria kukataa kweli. Jumamosi Nurjehan alipokuja mwenyewe, amebeba sufuria la wali wa nyama kama kawaida yake, Sheikha alikuwa ameshapanga maneno. Nurjehan hakumpa nafasi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, asiyejua kukaa mikono mitupu, na huku anapakua wali alianza kuonesha inavyofanywa.

"Anaanza mama," alisema. "Mama wa bibi harusi, kabla ya mtu yeyote. Unachovya vidole kwenye manjano, unampaka paji la uso. Halafu shavu hili, na hili. Halafu mikono. Halafu unamlisha tamu kidogo kwa mkono wako. Ukishamaliza wewe ndiyo wengine wanafuata. Ukumbi mzima unakusubiri wewe, Apa."

Kwa kina Sheikha mama haingii chumba cha mwari. Mama anaona haya, anamkabidhi mtoto kwa somo, yeye anashughulika na masufuria, anajifanya hajui kinachoendelea. Alikuwa amejitayarisha kujifanya hajui. Lakini lini mara ya mwisho alimshika Miska uso? Siku hizi mtoto humbusu mkono mbio mbio akitoka, ufunguo mdomoni, amechelewa basi. Alijaribu kukumbuka na hakuweza, na hapo akajua kwamba jambo hili analitaka. Alilitaka kwa uchu uliomtia aibu.

"Mimi ndiye wa kwanza?" aliuliza.

"Mama ndiye mwenyewe," alisema Nurjehan, akamwongezea wali.

Jioni ile dada na mdogo wake walikorofishana mpaka Miska akapandisha sauti ya televisheni. Bi Raya alisema ni ushenzi. Sheikha, ambaye tangu azaliwe hajapata kumshinda Raya kwa maneno, alisimama katikati ya jiko na taulo la vyombo mkononi.

"Singo ni yako, dada. Kufunda ni kwako. Kila kitu ni chako na chao. Hichi kimoja niachie miye."

Bi Raya alimpokonya lile taulo. "Kichwani atatiwa kanga," alisema mwishowe. "Na wanaume wakae nyuma."

*

Ukumbi waliopata ulikuwa wa jumuiya ya mtaa, nyuma ya maktaba, wenye harufu ya dawa ya sakafu na viti vya plastiki vya bluu. Ulikuwa na jiko dogo pembeni na kidirisha cha kupitishia chakula. Mwenye funguo, mzee wa Kiingereza mwenye mkufu wa funguo kiunoni, aliwaambia saa kumi na mbili jioni anafunga, na asione rangi ukutani.

Masinia yalitangulia na vijana wa upande wa bwana harusi, yamefungwa kwa nailoni na tepe za dhahabu: masari, viatu, marashi, tambuu, matunda. Juu ya sinia la mwisho alilala samaki mzima, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, amevishwa kitambaa chekundu cha nyuzi za dhahabu, puani ana hazama, na mdomoni ametiwa noti ya pauni tano.

"Lahaula," alisema Bi Raya. "Huyu naye anaolewa?"

Sheikha alikuwa nje anapokea viti. Aliporudi jikoni alimkuta dada yake ameshakunja mikono ya buibui. Samaki amevuliwa nguo zote, yumo ndani ya sinki, ameparwa magamba nusu mwili, na ndimu na chumvi viko tayari.

"Dada! Unafanya nini?"

"Mtu akiletewa kitoweo kibichi na wageni wako njiani, anafanya nini? Anakipika! Au ulitaka tuwape mkate?"

"Huyo wa kutazamwa! Wanampiga picha, wanamweka mbele ya bibi harusi."

"Samaki wa kutazamwa," alirudia Bi Raya polepole. Alikitazama kisu, akamtazama samaki. "Ungesema mapema."

Walimvika tena wakishirikiana, kimya kimya, kitambaa kikifunika upande ulioparwa, hazama ikarudi upande siyo. Noti ilikuwa imelowa. Walipomaliza Bi Raya akaguna, Sheikha akashikwa na kicheko, akacheka mpaka akaegemea friji. Tangu harusi hii ianze kuzungumzwa alikuwa hajacheka hivyo.

Nurjehan alipofika alimwona samaki mara moja, akaona na hazama ilivyokaa. Alikuwa na shida nyingine. Alikuwa amemshika mkono bibi kizee mfupi, aliyevaa sari jeupe lisilo na pindo, anatembea kwa fimbo.

"Mama mkwe wangu," alisema Nurjehan. "Dadi, ndiyo bibi kwetu. Nilidhani miguu haitamfikisha. Asubuhi tumemkuta ameshakaa kwenye gari."

Sheikha aliinama, akambusu bibi mkono. Dadi alimwangalia nguo, rangi ya maziwa, alizovaa Sheikha kwa sababu rangi ya manjano haimkai, akauliza kitu kwa Kibangali. Nurjehan alijibu kwa neno moja tu na uso wake ukabadilika.

*

Miska alitolewa akiwa chini ya shela lililoshikwa pembe nne na wasichana, kanga ya Bi Raya kichwani, sari la manjano, maua mikononi na masikioni. Alikaa jukwaani juu ya mito. Ngozi yake ilikuwa inang'aa kwa singo ya somo, na Bi Raya, aliyekaa mstari wa mbele na buibui lake jeusi katikati ya manjano yote yale, alikuwa anaangalia kazi yake kwa fahari asiyoweza kuificha.

Mbele ya mito paliwekwa bakuli la manjano yaliyosagwa, na sahani ya tamutamu. Ngoma ikanyamaza. Nurjehan akasita, akatazama upande wa Dadi, kisha akamwashiria Sheikha.

Sheikha alipanda jukwaani. Alichuchumaa mbele ya mwanawe, akasema bismillahi, akachovya vidole viwili. Miska aliinua uso na kumchekea, kicheko kile cha utotoni chenye pengo la mbele.

Fimbo ikagonga sakafu. Dadi alisema sentensi moja, si kwa ukali, kama mtu anayemkataza mtoto asiguse birika la moto. Wabangali wote wakatulia. Upande wa kina Sheikha, watu wachache waliotoka Hounslow na Tooting, wakawa wanatazamana, hakuna aliyeelewa.

"Apa," alisema Nurjehan sikioni mwake. Mkono wake ulikuwa umeshamshika kiwiko. "Njoo jikoni kidogo. Dakika moja."

"Nimalize kwanza."

"Tafadhali, Apa."

Akashuka jukwaani mbele ya watu wote, vidole viwili vya manjano vikiwa hewani kama mtu aliyejikata.

Jikoni Nurjehan alifunga mlango. "Ni mambo ya kizee. Mimi mwenyewe siyajali, naapa, na ndiyo maana sikukwambia. Dadi anasema wampake kwanza wenye waume."

"Haya. Na mimi baadaye?"

Nurjehan alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Anasema ni bora usimpake kabisa. Mkono wa mjane kwa bibi harusi... anaogopa."

Kwa muda Sheikha hakuelewa kwamba mjane ni yeye. Neno hilo alilizoea kwenye makaratasi ya serikali. Alipoelewa, damu ilimpanda usoni.

"Mimi ndiye niliyemzaa! Baba yake alipokufa mkono huu ndio uliomlisha!"

"Najua."

"Nyinyi si Waislamu? Dini gani inasema hivyo?"

"Si dini, Apa. Ni uzee."

"Basi mwambie huyo mzee wako—"

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Miska, ameshika sari asijikwae, maua yanamwanguka. Dada wa bwana harusi alikuwa ameshamwambia. Sheikha alimgeukia kwa moyo wote, kwa sababu sasa amepata mtu wake.

"Mum," alisema Miska kwa sauti ya chini. "Please. Usigombane. Watu wote wanatazama. Just leave it, yeah? Leo tu."

Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na hofu tu. Alikuwa na miaka mingi ya kuishi na wale watu mbele yake, na alikuwa anajua hilo kuliko mama yake. Lakini Sheikha alihisi kama amepigwa kofi na kuombwa asilie.

"Haya," alisema. "Rudi ukakae. Utaharibu nguo."

*

Alibaki jikoni. Kidirisha kilikuwa wazi, na kutoka hapo aliweza kuona jukwaa lote vizuri, afadhali asingeona. Alimwona Nurjehan anapaka. Aliona shangazi mtu, halafu mke wa jirani ambaye hata jina la Miska alikuwa hajui kulitamka. Halafu Bi Raya akaitwa. Ana mume, alijulikana ana mume.

Bi Raya alisimama. Aliukusanya ushungi wake, akapanda, akasimama mbele ya bakuli bila kuinama.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili, ukumbi mzima usikie.

"Mamkubwa, please," alisema Miska.

"Nauliza mama yake yuko wapi. Pasipo mkono wa mama yake, na wangu haupo. Inuka, mwanangu. Kwetu mwari huwekwa ndani, twende ndani." Akamfunika kanga mpaka kidevuni na kumshika mkono kumwinua.

Minong'ono ikazuka. Wanaume waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Mahbub, bwana harusi, hakuwapo, lakini baba yake alikuwapo, na sasa alikuwa amesimama. Miska alikuwa analia chini ya kanga, mabega yanaonekana.

Sheikha alitoka jikoni mbio. Alikuwa na kila sababu ya kumwacha dada yake amalize. Moyo wake ulikuwa unasema, muache, wacha waone. Akapita katikati ya viti mpaka chini ya jukwaa.

"Dada. Mpake."

"Sheikha, usiniingilie."

"Mpake, nakuomba. Mpake kwa ajili yangu." Alimshika pindo la buibui. "Usinivunjie harusi ya mwanangu."

Bi Raya aliuachia mkono wa Miska. Kisha akapiga magoti kwa shida, akafunua kanga, akampaka Miska paji la uso, shavu hili na hili, haraka haraka, machozi yake mwenyewe yakimtoka kwa hasira. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni furaha.

*

Dadi alimfuata Sheikha jikoni baadaye, ngoma zikiwa zimepamba moto. Aliomba maji kwa ishara. Sheikha alimpa bila kumtazama. Bibi akanywa, akavuta kiti, akakaa, na Nurjehan alipoingia kufuata sahani akamshika nguo asiondoke.

"Anataka nikufasirie," alisema Nurjehan bila raha.

"Sitaki kufasiriwa kitu."

Dadi alianza kusema hata hivyo. Nurjehan akafuata, maneno yakimtoka kidogo kidogo. "Anasema, yeye alifiwa bado kijana. Binti yake wa kwanza alipoolewa wazee walimwambia asiguse manjano. Anasema hakuwasikia. Alimpaka kwa mkono huu." Bibi alikuwa ameunyoosha mkono wake wenye mishipa juu ya meza. Nurjehan akaanza kukusanya sahani.

"Malizia," alisema Sheikha.

"Mwaka haukuisha. Mume wa huyo binti, wifi yangu, alizama na boti mtoni."

"Hiyo kudura ya Mungu," alisema Sheikha. "Ajali ni ajali. Mwambie."

Nurjehan akamwambia. Dadi alitikisa kichwa kukubali, akajibu kwa maneno machache, akaanza kutafuta fimbo yake.

"Anasema anajua," alifasiri Nurjehan. "Anasema kila mtu alimwambia hivyo."

*

Saa kumi na moja na nusu wageni walikuwa wameshaondoka. Bi Raya alikuwa nje anabishana na mwenye funguo juu ya doa la ukutani, yeye kwa Kiswahili na mzee kwa Kiingereza, na kwa jinsi sauti zilivyokuwa Bi Raya ndiye aliyekuwa anashinda. Sheikha alikuwa jikoni anakwangua masinia. Samaki alikuwa amechukuliwa akapikwe, kitambaa chake kimebaki.

Miska aliingia peku. Manjano yalikuwa yameanza kumkauka usoni, yanapasuka kila akisema. Mkononi alikuwa na bakuli, na chini yake yamebaki kidogo.

"Mum. Samahani."

"Hakuna kitu. Watu wameondoka salama, basi."

"No, si basi. Nilitakiwa niseme kitu, I just froze." Aliweka bakuli kwenye meza, mbele ya mama yake. "Nipake."

"Umeshajaa, hata pa kupaka hapaonekani."

"Hujanipaka wewe. Hakuna mtu sasa. Come on, Mama."

Alikuwa hajamwita Mama tangu darasa la kwanza. Aliinama, akafumba macho, akasogeza uso karibu mpaka Sheikha akasikia harufu ya singo chini ya harufu ya manjano. Uso ulikuwa pale pale, umbali wa kiganja. Nywele za mbele zilikuwa zimegandana. Hakukuwa na fimbo wala wa kumshika kiwiko.

Sheikha alichovya vidole viwili.

Kisha akamfikiria Mahbub, kijana mwenye adabu, anayevaa miwani, anayemwita Aunty. Kila siku anaendesha gari kutoka Whitechapel mpaka Slough kwenda kazini, asubuhi na jioni, kwenye ile barabara kuu yenye malori, na wakati wa baridi hutoka nyumbani kiza na kurudi kiza. Kama ikitokea. Haitatokea. Lakini kama ikitokea, atakumbuka nini? Atalala vipi?

Mkono ulikuwa hewani na hausogei. Aliuamuru. Alijikasirikia kwa maneno yale yale aliyomtolea Nurjehan mchana, dini gani, ajali ni ajali, na mkono haukusogea.

Miska alifumbua macho. Aliuona mkono, akauona uso wa mama yake.

"Mum, you don't believe that stuff?"

"Siamini," alisema Sheikha.

"So?"

"Siamini, mwanangu," alisema tena, akageukia sinki, akafungua maji, akanawa.